Bima ya Gobore

Anselmo alimpiga Zena risasi ya goti akidhani ni nguruwe. Asiyetujua sisi wa Chilangala atacheka. Lakini msimu wa korosho nguruwe hufuata mabibo yaliyoanguka, na wanawake nao huinama chini ya mikorosho hiyo hiyo kabla jua halijatoka, wawahi korosho kabla wezi hawajaziokota. Aliyemwita Anselmo aje na gobore lake ni Ashiru, mume wa Zena, na hakumwambia mkewe.

Zena ni fundi cherehani. Daktari alisema bila upasuaji goti halitakunjika tena, na cherehani cha miguu kinataka goti. Anselmo alikwisha kuuza mbuzi wake wote wawili. Hela ikaishia kwenye dawa na nauli.

Jumamosi kukawa na mkutano wa kijiji, mimi nikiandika muhtasari. Wazee wakaanza na yale yale: hawa ni Myao na Mmakonde, ni watani, na watani hawashtakiani. Niliudhika hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Utani ni wa maneno," Zena alisema. "Bodaboda iliyonipeleka hospitali ina bima. Ingeniangusha njiani, leo kuna wa kunilipia. Gobore nalo likatiwe bima, mwenye nalo alipie kila mwaka."

Wenye magobore wakanguruma. Wakilazimishwa, walisema, watayasalimisha polisi, na sisi tukalinde mihogo yetu dhidi ya nguruwe kwa kupiga madebe. Watu wakanywea.

Mtendaji akasema wanaotaka ombi la Zena lipelekwe wilayani wanyooshe mikono. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Anselmo. Wanawake wachache wakafuata. Ashiru alikaa kando ya mkewe, mikono mapajani.

"Baba Hamudi," Zena akamwita taratibu.

"Na mihogo je, Mama Hamudi?" akajibu bila kumtazama. "Tutakula nini?"

Mikono ilikuwa kumi na mmoja tu, ombi likaanguka, nami nikaandika hivyo.

Watu walipoanza kutoka, Ashiru alisimama akamnyooshea mkewe mkono amwinue. Zena akaupita mkono ule, akashika bega la Anselmo. Wakatoka hatua kwa hatua, Zena akichechemea, Anselmo akilia waziwazi mbele ya kijiji kizima.