Mvuke wa Thina

Mama Vanishi hakuwa mtu wa kutishwa na karatasi. Onyo la kwanza alilifungia misumari, la pili alilikalia. Leo mkaguzi wa mazingira amesimama katikati ya karakana yake ya fanicha, na kosa la tatu maana yake ni moja tu: karakana inafungwa.

"Pipa la thina liko wazi tena, mama."

"Bibie, kutwa nzima tunachota ya kuzimulia vanishi. Nifunike nifunue, nifunike nifunue, kazi nitafanya saa ngapi? Na feni ile pale juu huioni? Harufu yote inatoka!"

Feni ilikuwepo kweli, karibu na dari, ikizunguka kwa madaha. Chini yake binti wa Mama Vanishi, mjamzito wa miezi saba, ameketi kwenye kigoda anapiga msasa mguu wa kiti. Wiki nzima analalamika kizunguzungu, na mama anamjibu kuwa ni mambo ya mimba, yatapita.

Mkaguzi hakubishana. Alimpa kamera nene kama tofali. "Hii inaona mvuke ambao macho hayauoni. Tazama."

Mama Vanishi alitazama. Lo! Pipa lilikuwa linafuka! Mvuke ulifurika ukingoni kama maziwa yanayochemka, wala haukuijali feni. Ulishuka sakafuni, ukatambaa taratibu chini ya meza, ukajikusanya kwenye kigoda. Binti yake alikuwa amezama humo hadi kifuani, anapiga msasa wake. Ulipendeza, tena ulipendeza kwa namna ya kuogofya, na miaka kumi na tisa ameishi nao bila kuuona.

"Kumbe unakwenda chini," alinong'ona.

"Ni mzito kuliko hewa. Ndiyo maana sheria inataka kifuniko, na feni iwe chini." Mkaguzi alimwonea huruma. "Nikikuongezea wiki mbili, utarekebisha?"

"Wiki mbili! Na huyu akae humo wiki mbili?"

Alimtoa binti yake nje, akarudi kulifunika pipa, akafunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe. Ufunguo akamkabidhi mkaguzi, akaiomba tena kamera. Binti alionekana safi kabisa, hewa tupu kumzunguka. Mama Vanishi akaishusha kamera kidogo, akaona aproni yake mwenyewe, iliyolowa thina, inafuka.

Binti alikuwa anakuja kumshika mkono.

"Usinisogelee, mwanangu," alisema akirudi nyuma, huku akizifungua kamba za aproni.