Kuita Roho kwa Kiingereza

Mwalimu Kuang Peizhen aliamka na hofu yake siku hiyo. Mkataba wake chuoni ulikuwa unakwisha muhula huo, na leo Naibu Mkuu wa kitivo, Bwana Tao, angekaa nyuma ya darasa amtazame akifundisha mila za Kichina kwa Kiingereza. Asiporidhika, basi, Peizhen afungashe virago.

"Chai na maandishi ya brashi vinatosha," Tao alikuwa amemwonya. "Ushirikina wa vijijini sitaki kuusikia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mkuu." Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na Peizhen alilipenda bawa lake.

Suyun, binti wa wakulima, ndiye aliyepangiwa kuzungumzia chai. Akasimama mbele, akamwona Tao, ulimi ukamganda. Midomo ikampauka. Huko nyuma Tao akakohoa.

"Huyo roho imeshamtoka!" akanong'ona mmoja, na wenzake wakacheka.

Peizhen hakucheka. Kwao mkoani Hunan, mtoto akishtuka roho humtoka kweli. Bibi huchukua nguo ya mtoto huyo, akasimama mlangoni, akamwita. Na lazima aliye ndani aitikie kwamba amerudi, la sivyo roho itapotea njia. Alijua fika kwamba hilo hasa ndilo alilokatazwa. Lakini jamani, mtoto wa watu atakauka pale mpaka lini? Liwalo na liwe! Akalitwaa koti la Suyun, akafungua mlango, akaita kwa Kiingereza:

"Suyun, rudi nyumbani!"

"Amerudi!" darasa zima likaitikia, kwa Kiingereza vilevile.

Suyun akavuta pumzi, akacheka, na maneno yakamtoka mfululizo. Chai aliisahau, alisimulia bibi yake alivyomwita hivyohivyo siku alipokimbizwa na mbwa.

"Nani ameruhusu haya?" Tao alikuwa amesimama.

Sasa Peizhen ndiye aliyeganda. Angeweza kusema wanafunzi wamejianzia wenyewe. Uongo huo ulishamfika mdomoni.

Ndipo Suyun akachukua sweta ya mwalimu kitini, akaenda nayo mlangoni.

"Mwalimu Kuang," akaita, "rudi nyumbani!"

Safari hii hakuna aliyethubutu kuitikia. Wote walikuwa wanamtazama Tao.

"Nimerudi," Peizhen akaitikia mwenyewe. Kisha akamgeukia Tao. "Ni mimi niliyeruhusu, Mkuu."