Maelezo ya Masomo ya Lujain

"Andika: Baiolojia, mwaka wa pili," alisema Khairunnisa, amesimama nyuma ya kiti cha mchapaji. "Mfumo wa upumuaji. Tulipasua samaki watatu, changu wa soko la Feri. Mwanafunzi alichora matamvua wanayopumulia na kueleza kazi yake bila kutazama kitabu."

Elisaria akaacha kuchapa. Stesheneri yake ya Msimbazi ilikuwa imejaa watu wa kutoa kopi.

"Mama, changu wa nini tena? Chuo wanataka vitu vya shule. Nikuwekee jina la shule hapa juu, na mhuri. Kuna jamaa anachonga fasta tu."

"Andika nilivyosema."

Tangu hapo Khairunnisa hakubandua macho kwenye kompyuta. Kazi ilipoisha alisoma kurasa zote kumi na moja palepale, neno kwa neno, akachukua nakala mbili, kisha akamtaka Elisaria alifute faili mbele yake, asije akaongeza jina la shule.

Binti yake, Lujain, alikuwa na ugonjwa wa seli mundu. Kidato cha kwanza alilazwa mara nne, na shule ikamfuta jina kwa utoro. Khairunnisa, fundi cherehani aliyeishia kidato cha nne, akanunua vitabu vya mitumba na kumfundisha mwenyewe chumbani, miaka minne, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sasa chuo kimoja cha maabara kilikubali waliosomea nyumbani, mradi kila somo lielezwe: kilichofundishwa, vitabu, namna alivyopimwa. Khairunnisa aliyaandika maelezo hayo kwa mkono kwa wiki tatu.

Kesho yake saa nne yeye na Lujain walikuwa mbele ya afisa udahili wa chuo, aliyeitwa Ignasi.

"Mwalimu nani?"

"Mimi."

"Aliyemsahihisha?"

"Mimi."

"Aliyeandika haya?" Alifunua kurasa mbili, akamtazama Khairunnisa kuanzia ushungi hadi kandambili. "Kiswahili kimenyooka sana hiki. Umeandikiwa, mama?"

"Niulize ukurasa wowote."

"Mimi siulizi, mimi naangalia mhuri. Mhuri hauko. Nitajuaje kama huyu binti hakukaa tu nyumbani anaangalia tamthilia?"

Khairunnisa alizikusanya karatasi zake.

"Mhuri wa nani?"

"Hata serikali ya mtaa. Kabla ya saa nane."

Wakarudi Kariakoo, walikoishi, kwa miguu, Lujain akipumzika kila kona. Katika ofisi ya mtaa, mtendaji Abdulmajid alikuwa anaongea na simu.

"Shikamoo," alisema Lujain.

"Marahaba." Hakushusha simu. Alivuta karatasi, akagonga mhuri ukurasa wa kwanza, juu ya maneno yenyewe, akaandika pembeni: *Namthibitisha ni mkazi wangu.*

"Husomi?" aliuliza Khairunnisa.

"Nisome nini, dada? Si mkazi wangu?"

Saa saba na nusu Ignasi alipokea karatasi zilezile. Aliuona mhuri, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akazitupia kwenye rundo.

"Ahaa. Sasa hii ni nyaraka. Nendeni, mtapigiwa."

"Lini?"

"Mtapigiwa."

Khairunnisa alilitazama lile rundo. Karatasi za chini zilikuwa zimeshika vumbi. Lujain alimvuta mkono, "Mama, twende," lakini yeye alitoa kopi ya pili mkobani, akaiweka mezani.

"Niandikie kwamba umepokea kurasa kumi na moja. Jina lako, saini, tarehe na saa."

Watu kwenye benchi wakageuka. Ignasi alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Yaani huniamini, mama?"

"Wewe uliniamini?"

Ignasi aliangalia mlangoni, akaangalia benchi. Akachukua kalamu, akaandika haraka, akasukuma karatasi.

Khairunnisa hakuichukua. Aliinama, akaisoma taratibu, akaweka kidole juu ya namba.

"Umeandika kumi. Hesabu tena."

Ignasi akalivuta rundo, akazitoa karatasi, akaanza kuhesabu.