Saluti ya Konstebo Ayot

Kiwiko cha kulia cha Konstebo Ayot kilikuwa kimevimba kama kiazi, nacho hakikunjiki. Nyonga nayo ilikuwa na nundu yake. Daktari alimwambia ni chokaa, imejijenga kwenye nyama kando ya viungo, maradhi ya nadra. Skani ya mifupa ndiyo ingeonyesha imeenea wapi na kama inaweza kukatwa. Ijumaa bodi ya polisi ingekaa kumjadili. Asipokuwa na picha ataandikwa mvivu, afukuzwe kazi, na chumba cha kambini anacholala na wanawe wawili apewe mwingine.

Dawa ya skani hufika kwa ndege kila Jumatano, na ikishaingia mshipani haimngoji mtu. Jumatano hiyo walimchoma sindano yake saa nne asubuhi.

"Kunywa maji mengi, nyabo, mama yangu," alisema Jibril, fundi wa mashine. "Saa saba unaingia. Jioni ikifika, dawa imekufa ndani yako."

Saa saba kasoro akaingia afande mwenyewe, mwenyekiti wa bodi ya Ijumaa, na mkewe, na mama mkwe. Wote walikuwa wamechomwa wodi ya juu, ya wenye nazo. Afande goti lilimuuma tangu gofu ya Jumapili. Mama mkwe hakuumwa na kitu; alitaka tu kuangaliwa.

"Afande, huyu mama ana zamu yake," Jibril alinong'ona.

"Huyu ni polisi wangu. Atangoja."

Mwenye nguvu mpishe! Ayot akakaa. Alikunywa maji, akaenda chooni, akarudi. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi na moja Jibril alitoka, macho chini.

"Wamezima umeme wa mashine, nyabo. Rudi Jumatano."

"Bodi ni Ijumaa, Jibril."

Fundi alitoa ufunguo mfukoni. Nyuma yake afande alitoka akichechemea, na Ayot, aliyekuwa kwenye sare, akasimama kama alivyofunzwa. Mkono ulikwenda mbele, ukakwama umenyooka.

"Konstebo, hiyo ni saluti gani?"

"Mkono haukunjiki, afande."

"Uko na picha ya daktari?"

Ayot alitazama mlango wa mashine. Jibril alikuwa anaufunga kwa ufunguo.

"Ijumaa kuja nayo," alisema afande, na msaidizi wake akaandika namba iliyo kifuani mwa Ayot.

Wakaondoka. Afande hakuwa ameijibu saluti, na kanuni ni kwamba mdogo wa cheo hashushi mkono kwanza. Mkono wa Ayot ukabaki hewani.