Gari Halitoki Hapa Likikwaruza

Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, shemeji yangu alikuwa akija kwenye karakana yetu ya muziki wa magari na wimbo uleule: hii si kazi ya mwanamke, nimwachie yeye funguo. Nami nilimkaribisha kiti.

Siku hiyo alinikuta ndani ya gari la kinyozi, nimepiga magoti, bisibisi mkononi, kinyozi mwenyewe kasimama mlangoni. Sauti ya redio nilishaifungua robo tatu, besi nimeiacha katikati, geini, ile skrubu ndogo ya amplifaya, nimeianzia chini kabisa. Naipandisha taratibu, nasikiliza. Sauti ya mwimbaji ilipoanza kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua, nikairudisha kidogo. Hapo ndipo mahali pake.

"Mbona umeibana, shemeji? Kijana wa watu anataka mtaa mzima ujue kapita."

"Geini si ya kuongezea kelele. Ni ya kufanya redio na amplifaya zielewane."

"Kwani zimeoana?"

Kinyozi akaangua kicheko. Shemeji akaninyang'anya bisibisi, akaizungusha geini mpaka mwisho. Vioo vikatetemeka, kinyozi akacheza mabega.

"Umeona? Mteja kafurahi. Lete funguo, ukapumzike, ukasali."

"Kusali nilishasali, wewe ukiwa bado unakoroma."

Nikachomoa fyuzi. Kimya.

"Mama, si gari langu?" kinyozi akalalamika.

"Gari lako, mwanangu. Kazi yangu. Halitoki hapa likikwaruza. Spika zitaungua, na jina litakalotajwa ni la karakana hii."

"Lakini mimi nataka hivyohivyo."

"Basi katafute fundi mwingine. Mimi kwa jambo hili mkono wangu haumo."

Shemeji akapiga makofi ya dharau. "Unafukuza mteja! Karakana itakufia mikononi."

"Ikifa nitaizika mwenyewe. Nimeshazika kikubwa zaidi. Funguo hupati, leo wala kesho, na kiti chako nakiingiza ndani."

Nikarudisha geini palepale nilipoiweka, nikachomeka fyuzi. Kinyozi akawasha gari, shemeji akapanda naye, wakaondoka kutafuta fundi wa kuwatii.

Nje palikuwa na pikapu inasubiri. Nikaipungia iingie. Dereva akachungulia ndani, akanitazama juu mpaka chini.

"Fundi yuko wapi, mama?"

"Unaongea naye. Rudi nyuma kidogo, unanikanyagia waya."