Daktari wa Zamu Hana Habari

Mkunga alikuwa akitandika kitanda cha dirishani pale mama mmoja alipoingia wodini akimkokota bintiye, fundi cherehani, gauni limelowa damu.

"Kaanguka ngazini," mama alisema.

Binti, midomo imempauka, alimvuta mkunga karibu. "Dada, sikuanguka. Nimemeza vidonge vya kutoa mimba. Usimwambie mama."

Wauguzi waliokuwa wamesogea wakarudi nyuma. "Hiyo ni kesi," mmoja alinong'ona. "Mimi sitii mkono."

Mkunga alimkimbilia daktari wa zamu. Walikuwa wameanza kazi pamoja zamani, wakigawana chai na lawama. Daktari alichungulia mlangoni, asiingie.

"Ukingoja polisi atakufia. Msafishe kizazi. Mimi nipo, likizuka jambo ni langu."

Akamsafisha. Damu ikapungua, kisha ikakata. Binti akasinzia, mama yake akimpepea kwa kipande cha boksi.

Mchana askari walifika. Nani aliwaita, hakuna aliyesema. Msimamizi wa wauguzi akauliza mbele ya wote, "Nani aliruhusu kazi hii?"

Mkunga akamtazama daktari. Daktari akatazama simu yake.

"Mimi sina habari. Kaamua mwenyewe. Hawa siku hizi wanajifanya madaktari."

Askari alimfunga binti pingu kwenye chuma cha kitanda, mama akiangua kilio. Mkunga akaambiwa avue sare, akae nyumbani hadi aitwe.

Daktari alimfuata hadi mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. "Dada, nielewe. Nina watoto."

"Na mimi nafuga kuku, siyo?"

"Sheria hii haina mchezo, unajua."

"Sheria naijua. Wewe ndiye sikukujua."

Akatoka na gauni lake la nyumbani. Kwenye korido mwanamke mwingine alikuwa amelazwa sakafuni, damu ikimchuruzika miguuni, amejikunja kama mtoto. Wauguzi walisimama kando, mikono nyuma.

"Mpigieni askari kwanza," daktari alisema, akipita bila kusimama.

Mkunga akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti.

"Nileteeni glavu."

Hakuna aliyesogea. Wengine walitazama ukuta, wengine viatu vyao. Mwanamke akaugulia.

Mkunga akamshika kwa mikono mitupu.