Upande wa Mashariki wa Ukuta

Jana baada ya ubwabwa wa mchana niliinamisha kichwa mezani ofisini, usingizi ukanipitia, nikaota ukuta wa magofu ya Kigoweko umevaa miwani na umekalia kiti changu.

Niliutambua mara moja. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuukagua, maana greda la watengeneza barabara lilipita karibu mno. Upande wa magharibi niliupima vizuri, nikapiga picha, nikachora kila ufa. Upande wa mashariki kumejaa upupu, na mimi na upupu hatupatani. Kwenye fomu nikaandika: "Mashariki: kama magharibi. Madhara madogo."

"Bi Mwantumu," ukuta unasema, "leo tunakukagua wewe."

"Karibuni," nikajibu. Ningesema nini?

Futi yangu inatoka yenyewe kwenye mkoba, inanipanda begani, inanipima mkono wa kushoto na kusoma vipimo kwa sauti ya karani. Ikifika kulia inasita.

"Huku kuna jasho," inasema. "Andika kama kushoto."

Ukuta ukaandika. Nikajitazama: nina mikono miwili ya kushoto. Nilitaka kupiga kelele, lakini fomu ilihitaji saini, basi nikasaini kwanza.

Nikiinua kichwa, ofisi haipo. Nimesimama Kigoweko kwenyewe, upande ule ambao sikwenda. Ufa umeshuka kutoka juu mpaka chini, mpana hata paka angepita. Ukuta umeinama kama mtu anayetafuta sindano. Na chini yake amelala Mzee Shekigenda, mlinzi wetu, kofia usoni, kama anavyolala kila siku jua likishaelekea magharibi na kivuli kikaangukia huku.

Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

"Mzee, amka!"

"Usimguse," ukuta unasema. "Kibao hukukiona?"

Kibao kinakohoa, kinajisoma: "Ni marufuku kugusa au kusogeza chochote kilichomo katika eneo hili."

"Huyu ni mtu!"

"Ameniegemea miaka kumi na miwili," ukuta unasema, bila hasira yoyote. "Ameshahesabiwa humu. Ukitaka kumsogeza, leta kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Wewe. Lakini umeshaandika kwamba hakuna haja."

Mawe ya juu yanaanza kushuka, moja moja, kwa adabu, kila moja likiniaga kabla ya kudondoka.

"Samahani, mama. Madhara madogo."

"Madhara madogo, mama. Samahani."

Naingia kwenye upupu mzimamzima. Namshika mzee kwapani, lakini vidole gumba vyangu vyote vinatazama upande mmoja, hashikiki. Namvuta, anateleza. Namvuta tena, anakoroma. Kule juu jiwe kubwa kuliko yote linasafisha koo.

Nikazinduka, shati limelowa. Mikono yangu ilikuwa ya kawaida, wa kulia na wa kushoto. Sikungoja. Nikampigia mzee simu. Ikaita, ikaita, mpaka machozi yakanitoka. Fomu yangu ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu, nami sikuweza kuitazama.

Mwishowe akapokea.

"Shikamoo baba! Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nipo huku barabarani, nahema. Ukuta umelala chini wote, hakuna jiwe juu ya jiwe."

"Umeumia?"

"Niumieje, na wewe umenivuta? Ila nimegeuka nikushukuru, sikuoni. Umekimbilia wapi?"

Nikaibana simu sikioni.

"Halafu kiatu chako kimebaki chini ya mawe," akasema. "Naona kisigino tu. Niache au nikichomoe?"

Nikainama kutazama chini ya meza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa peku.